Ludisha

Katika jiji hili la Kampala nawajua watu wengi. Namjua mwuza chapati wa Ntinda anayenizidishia vitunguu bila kuombwa, namjua fundi viatu, nawajua wazazi wa wanafunzi ninaowafundisha fizikia asubuhi. Mtu wa kuzungumza naye kazi yangu, hata mmoja simjui. Nimemtafuta, msidhani nimekaa nikisubiri aje. Nimeuliza kwenye vyuo, nimeandika barua pepe nyingi, na safari moja nikaelekezwa kwa bwana mmoja niliyeambiwa ni wa fani yangu hasa. Kumbe anatengeneza mashine za eksirei. Tulikunywa chai, akanisikiliza kwa adabu, tukaagana.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana najua nyuso za watu zinavyobadilika nikianza. Ndani ya kiini cha atomu mna protoni na nyutroni, na ndani ya hizo mna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki. Kinachozishika ni nguvu kali, nayo haikuitwa kali kwa mzaha. Kwaki haijawahi kuonekana ikiwa peke yake. Ukijaribu kuivuta moja itoke, nguvu inayoirudisha haipungui hata ukiipeleka mbali, mpaka bidii yako ya kuvuta inageuka kuwa kwaki nyingine, na ile uliyotaka kuitenga inapata mwenzake. Nilipojifunza jambo hilo nikiwa mwanafunzi niliona ni ajabu. Siku hizi, nikirudi nyumbani Naguru saa tisa mchana nikakuta kikombe changu mahali pale pale nilipokiacha, nazionea wivu.

Kukokotoa mambo ya kwaki moja kwa moja kunazitoa jasho hata kompyuta kubwa za dunia. Sisi wengine tunapita njia nyingine, tunayoiita nadharia fanisi. Unakiri mapema kwamba ya ndani huyaoni. Unatazama yanayojitokeza nje, unaandika kila aina ya mwingiliano ambayo kanuni za maumbile zinairuhusu, unazipanga kuanzia nzito hadi nyepesi, unazihesabu zile nzito, halafu unasema waziwazi umeacha kiasi gani. Hapo kwenye kusema umeacha kiasi gani ndipo penye heshima ya kazi yetu. Jibu lisilo na kiasi chake cha shaka halihesabiwi kuwa jibu.

Msimamizi wangu wa shahada ya uzamivu, ambaye ni mtaalamu wa mitetemeko ya ardhi na anasaini fomu zangu kwa ukarimu, hakuwahi kulielewa hilo. Mama alilielewa siku ya kwanza.

Mama alikuwa askari polisi. Alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha redio, akipokea na kupeleka ujumbe wa vituo vya mbali. Yeye ni Muganda, baba alikuwa mtu wa kaskazini, naye polisi, na walipokutana chuo cha mafunzo lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili ni Kiswahili cha amri na gwaride. Wakachumbiana nacho hivyo hivyo. Mimi na kaka yangu tulilelewa kambini kwa Kiswahili ambacho hakikuzijua ngeli wala hakikuwa na haja ya kuzitafuta. Watoto wa nje ya kambi walidhani ni lugha ya kufokea watu. Sisi ndiyo tuliyobembelezewa.

Basi nilipomweleza Mama kwamba hatuoni ya ndani, tunasikiliza ya nje na kukadiria shaka, aliweka sufuria chini.

“Hata sisi hatukuona kitu,” akasema. “Mutu yuko kituo ya mbali, anasema amekutana na watu kumi. Wewe unaandika kumi. Lakini unajua yule akiogopa anaongeza.”

Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu kukadiria makosa. Hakuna niliyoyapenda kama hayo.

Sasa niseme kuhusu ulimi wa Mama, kwa sababu kisa chote kiko pale. Katika Luganda l na r si majirani wanaogombana kama katika Kiswahili; ni kitu kimoja kinachobadilisha nguo. Kikitanguliwa na e au i kinatoka r, kwingineko kinatoka l. Mtu hachagui, ulimi unajiendea. Kwa hiyo baridi kwa Mama ni balidi, kuchelewa ni kucherewa, redio ni ledio. Hata mimi nilisema hivyo hivyo mpaka nilipokwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya pili. Wiki ya kwanza, katika mazungumzo ya siasa, nikawaambia wenzangu kwamba nyumbani nilishawahi kupiga kula. Mmoja akaniuliza kama nilishiba. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka nao, lakini nilipofika bwenini nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi: kura, kula, kura, kula. Miaka miwili nilifanya kazi hiyo. Nilirudi Kampala, kwa Mama Naguru, na ulimi ulionolewa, na kama ilivyo kwa kila aliyejifunza jambo kwa aibu, nikaanza kuwafundisha wasioomba.

“Mama, si balidi. Ni baridi.”

“Wewe umesikia balidi?”

“Nimesikia.”

“Basi vaa sweta.”

Nilivaa sweta, lakini sikukoma. Nilimsahihisha mezani, nilimsahihisha mbele ya wageni. Hakuwahi kunikasirikia kwa hilo, na leo ningependa angekuwa amenikasirikia.

Mtu mmoja duniani ndiye niliyeshirikiana naye kazi. Anaishi nchi ya mbali yenye theluji; tulikutana kwenye warsha, tukagundua kwamba tunajiuliza swali moja: nyutrino, ile chembe nyepesi mno inayopita karibu kila kitu bila kukigusa, ikigonga kiini cha hidrojeni nzito, kile chenye protoni moja na nyutroni moja, kuna uwezekano gani wa kukivunja? Tukapatana tukokotoe kila mtu kivyake, bila kuchunguliana, halafu tulinganishe. Tukikubaliana ndani ya kiasi cha shaka tulichokiri, tutachapisha. Kwake ilikuwa makala moja kati ya nyingi. Kwangu ilikuwa ndiyo hiyo. Chuo hakikuruhusu nitetee tasnifu bila makala iliyochapishwa, na usajili wangu, uliokwisha kuongezwa mara mbili, ulikuwa unakwisha na muhula. Bila makala hakuna shahada, na bila shahada mimi ni mwalimu wa kulipwa kwa kipindi Ntinda mwenye burudani isiyoeleweka.

Fomula zangu zimejaa herufi mbili, L na R. Kwaki hujizungusha huku ikisafiri, na mzunguko huo ukiulinganisha na mwendo wake unapata ama mkono wa kushoto ama wa kulia: L ni wa kushoto, R wa kulia. Nguvu kali haijali mkono. Ubadilishe herufi hizo mahali pote, itakupa majibu yale yale. Ile nyingine, nguvu dhaifu, ambayo ndiyo nyutrino huitumia, inajali sana: inashika mkono wa kushoto peke yake. Tena vitabu vina desturi mbili za kuandika. Wengine hutanguliza R, wengine L, na zote ni sahihi, mradi usianze na moja ukamalizia na nyingine.

Sehemu ya nguvu kali niliikokotoa kwa penseli, kurasa saba, katika daftari la mistari. Ilipofika wakati wa kuiingiza katika kompyuta, macho yalikuwa yananiuma kwa kuhama kutoka karatasi hadi kioo na kurudi. Ilikuwa alasiri ya mvua, shule imefungwa. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, akasema kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anasoma, mmoja anaandika. Alikuwa amekwisha kuvaa miwani.

Akasoma kama alivyosoma maisha yake yote, sauti moja, hana haraka, haelewi na hajali kwamba haelewi. Kila ukurasa aliutangulizia namba kama ujumbe wa redio. Msalaba mdogo tunaouweka juu ya herufi fulani aliuita msalaba, jambo ambalo halina kosa. “Ujumbe namba moja. Ala, yu, eri musalaba.” Nami nikaandika. Ukurasa ulipokwisha akanitazama juu ya miwani.

“Ludisha,” akasema.

Kurudisha ndiyo sheria ya chumba cha redio. Aliyepokea ujumbe anausoma wote tena kwa aliyeutuma, neno kwa neno, na aliyeutuma akisikia uko sawa anajibu. Kama amezidiwa na kazi hatamki kitu; anabonyeza kitufe cha redio mara mbili, tik-tik, na wa upande wa pili anajua umefika. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu utotoni, tulilicheza na kaka yangu kwa makopo.

Nikamwambia si lazima, nimeshika.

“Mutu hapana kushika ujumbe bira kuludisha. Hiyo ni kerere tu.”

“Kelele, Mama.”

Akafungua ukurasa wa pili. Hakusema tena ludisha. Alisoma mpaka wa saba, akavua miwani, akarudi kwenye mchele wake, na mimi nikampa asante ya mtu aliye na haraka.

Baada ya majuma machache alipatwa na kiharusi. Aliamka asubuhi upande wa kulia umelala na maneno hayapo. Hospitali walifanya walichoweza. Daktari alisema kwamba sauti huenda isirudi, na kuhusu kuelewa hakutaka kuahidi: labda anaelewa yote, labda kidogo. Kaka yangu, ambaye ni askari magereza na anaishi Luzira, karibu na ziwa, na mke wake, alimchukua, kwa sababu kwake kuna mtu nyumbani mchana kutwa na kwangu hakuna. Ulikuwa uamuzi wa busara. Niliukubali na nikauchukia. Vitu vyake vilibebwa kwa mifuko miwili na sanduku, na nyumba ya Naguru ikabaki na mimi.

Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuzoea kusahihisha kiasi cha kuumia akikosa cha kusahihisha. Siku nzima ilipita sijasikia Kiswahili, Kiingereza shuleni, Luganda sokoni, na nikifika nyumbani nawasha redio nisikie mtu yeyote akikosea chochote. Jumapili nilipanda bodaboda kwenda Luzira. Nilikaa kando ya kiti chake kwenye baraza, nikamshika mkono wa kushoto, nikamweleza habari za shule. Alitazama upande wa ziwa. Sikujua kama ananisikia. Nilijihisi kama ninaongea katika redio iliyozimwa, na nikirudi nilikuwa mpweke kuliko nilivyokwenda.

Kazi niliendelea nayo, maana ndiyo iliyobaki. Sehemu ya nguvu kali niliijaribu kwa kila jaribio linalojulikana: jinsi chembe ziitwazo pioni zinavyogongana, jinsi protoni na nyutroni zinavyoshikana. Ikapita yote. Kisha nikaandika sehemu ya nguvu dhaifu peke yangu, moja kwa moja kutoka kitabuni, nikaunganisha, nikatuma majibu kwa mwenzangu siku tuliyopatana. Naye akatuma yake.

Hayakukubaliana. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa kubwa kuliko kile tulichokiri kuwa tumeacha. Katika kazi yetu hiyo ni kama kusema uko Ntinda ukakutwa Luzira.

Nikatafuta. Nilianza na sehemu ya nguvu dhaifu kwa kuwa ndiyo mpya, nami niliiandika nikiwa na huzuni. Mstari kwa mstari, majuma matatu, alasiri zote. Sikupata kitu. Daftari la kurasa saba sikulikumbuka, na hata ningelikumbuka nisingelishuku, si sehemu ile ilishapita majaribio yote? Nilichokigundua ni hiki tu: kuna alama moja ya kutoa ambayo nikiigeuza kuwa ya kujumlisha, majibu yangu yanalala juu ya ya mwenzangu bila kasoro. Siku moja niliigeuza. Nikaitazama michoro miwili ikifuatana kama ng'ombe na ndama, nikafurahi kwa muda wa kikombe cha chai. Halafu nikairudisha ilivyokuwa, kwa sababu sikuwa na sababu ya kuigeuza ila shida zangu.

Nilimwandikia mwenzangu nikamweleza ukweli, pamoja na kishawishi. Alijibu kwa upole, lakini hakulegeza. Alisema alama haigeuzwi mpaka ijulikane ni kosa la nani na lilizaliwa wapi. Akaongeza kwamba mwisho wa mwezi itabidi atoe makala na sehemu yake peke yake. Asingeweza kungoja zaidi, ana watu wake wanaomdai kazi. Nilimwelewa. Nilikaa na barua ile mbele yangu nikalia, si kwa sababu ya shahada tu. Huyu ndiye alikuwa mtu wangu mmoja, na kumbe naye alikuwa na wengine.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Luzira mikono mitupu. Mke wa kaka alikuwa akipanga sanduku la Mama upya, na chini kabisa, kati ya cheti cha ubatizo na picha za baba akiwa na sare, likatoka daftari langu. Yeyote aliyefunga mizigo siku ile alidhani ni lake, na si ajabu, maana lilikaa upande wake wa meza. Kaka alikuwa anavaa buti kwenda zamu. Akalichukua, akalifungua ukurasa wa kwanza, akatabasamu. Hajawahi kutoka Kampala kwa muda wa kubadilisha ulimi, wala hajaona sababu.

“Ndiyo hii unasoma miaka yote?” akasema, na akaanza kusoma kwa sauti ya gwaride kunichekesha. “Ala, yu, eri na ka-musalaba.”

Sikucheka. Nilimwomba asome tena. Akasoma tena, ala, yu, eri, na mimi nikasimama nyuma yake nikitazama kidole chake. Kwenye ala kidole kilikuwa juu ya R. Kwenye eri kilikuwa juu ya L.

Herufi L sisi huku tunaiita eli, na R tunaiita ara. Ulimi wa nyumbani unaivika kila moja nguo yake: eli, kwa kuwa l yake imetanguliwa na e, inatoka eri; ara, kwa kuwa r yake imetanguliwa na a, inatoka ala. Mtu wa nyumbani hababaiki, kwa sababu hasikilizi konsonanti. Anasikiliza ile irabu ya mbele: ikianza na e ni L, ikianza na a ni R. Hata mimi zamani nilisikia hivyo. Lakini nilikuwa nimekwenda kunoa sikio, na sikio lililonolewa lilishika r ya eri likaandika R, likashika l ya ala likaandika L. Kurasa saba, bila kukosea hata mara moja.

Ndiyo maana majaribio yote yalipita. Nilikuwa nimebadilisha mikono mahali pote, na nguvu kali haijali mkono. Ilivyoandikwa haikuonekana kuwa kosa, maana ilifanana na ile desturi nyingine ya vitabuni. Iligongana na nguvu dhaifu tu, ile niliyoiandika peke yangu kwa desturi ya kutanguliza R, na pale ikazaa alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Mama alisoma sawasawa. Angenisikia nikirudisha mstari wa kwanza tu, angenisimamisha.

Niliketi chini pale pale barazani. Kaka aliuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu, na akaenda zamu akiwa na wasiwasi wake.

Nyumbani nilibadilisha herufi, nikaendesha hesabu upya. Majibu yakakaa juu ya ya mwenzangu, safari hii kwa haki. Nilimwandikia siku ile ile. Alipouliza kosa lilitoka wapi, nilianza kumweleza habari za irabu na konsonanti, nikafuta, nikaandika kwamba ujumbe ulisomwa sawa na aliyepokea hakurudisha. Alifurahi, nilihisi hivyo kwenye maneno yake. Akaniachia sharti moja la mwisho: kurasa saba nilizoingiza zisomwe tena zote, mimi na mtu wa pili, kwa sauti, kabla hajatuma makala. Watu wawili, alisema, mmoja hatoshi.

Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kwake mtu wa pili ni kugonga mlango wa chumba cha jirani. Nilimfikiria mtu wa eksirei. Nilimfikiria msimamizi wangu na mitetemeko yake. Kisha nikachapa kurasa saba kutoka kompyuta, nikazikunja, nikapanda bodaboda kwenda Luzira.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto, wa kushoto kwenye mkono wa kiti. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, si kando kama siku zote. Daftari nililiweka magotini mwangu, kurasa zilizochapwa mkononi. Nilijua hataweza kufuata fomula. Nilitaka tu sharti litimizwe mbele ya aliyeliweka kwanza.

“Mama,” nikamwambia, “ule ujumbe wa siku ya mvua. Nimekuja kuludisha.”

Nilisema hivyo hivyo, kwa l. Haikunitoka kwa bahati mbaya.

Hakunitazama. Nikaanza. Ujumbe namba moja, ala, yu, eri musalaba. Nilisoma polepole, kila mstari uliochapwa nikiulinganisha na wa penseli, kwa ulimi wa nyumbani tangu mwanzo hadi mwisho, ulimi ambao kwa muda mrefu nilikuwa nauona haya. Ukurasa ulipokwisha nikanyamaza, kwa mazoea ya mchezo wa makopo. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kikabonyeza ubao wa kiti mara mbili.

Mkono wa mgonjwa hutikisika. Niliambiwa hivyo hospitali, na nilijiambia hivyo. Nikasoma namba mbili. Kidole kikabonyeza mara mbili. Namba tatu, mara mbili. Namba nne, mara mbili. Macho yangu yalikuwa yamejaa maji, na karatasi zilishikana kwa unyevu wa vidole vyangu. Nikafunua, nikasema ujumbe namba sita, nikausoma wote mpaka chini, nikanyamaza.

Kidole hakikusogea. Nilingoja. Mama alikuwa ameacha ziwa, ananitazama mimi, kwa macho yale yale ya juu ya miwani.

Nikazitazama karatasi. Nilikuwa nimefunua mbili kwa pamoja.

“Ujumbe namba tano,” nikasema, na nikausoma, na alipousikia wote akabonyeza mara mbili.